Nyapara Ndani ya Kuba

Kule Urazaki mtu mkubwa hageuzi kibao chake mwenyewe. Hilo halikuandikwa popote, na kama ungemuuliza mhandisi yeyote wa kampuni angekuapia kwamba si kweli, lakini kila fundi aliyejenga kituo kile cha umeme wa nyuklia alilijua. Mlangoni mwa kuba, lile jengo la chuma na zege linalofunika kinu cha nyuklia, palikuwa na ubao wa majina. Kila mtu na kibao chake cha mti: ukiingia unakigeuza upande mwekundu, ukitoka unakirudisha upande mweupe. Rahisi hata kwa mtoto. Ila nyapara akitoka, hutoka na mambo kichwani, hana muda wa vibao, basi aliye nyuma yake humgeuzia, kama vile anavyompangia viatu mlangoni ili avikute vimeelekea nje. Ndiyo heshima yenyewe.

Shigezo Matsukura, nyapara wa wachomeleaji, mtu wa miaka hamsini na saba, aliipenda heshima hiyo kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Na tuseme ukweli, ni yeye aliyeileta. Alikuja nayo kutoka kwenye viwanda vya meli, pamoja na sauti yake ya kukaripia na kikosi chake cha watu arobaini. Fundi mgeni akisahau kumgeuzia kibao, Shigezo husimama mbele ya ubao akikohoa, akikohoa, mpaka mwenzake amtie kiwiko cha mbavu.

Asubuhi ya jaribio kuba lilikuwa limekamilika. Kinu kilishakaa mahali pake, kitupu bado, kwa kuwa urani ilikuwa haijaletwa. Kabla ya kuletwa, kuba zima lilipaswa kufungwa na kujazwa upepo kama tairi, presha ipande polepole saa baada ya saa, kisha ikae hivyo mchana na usiku wake, wakubwa waone kama panavuja. Wageni wa wizara walikuwa njiani kutoka Tokyo kuja kushuhudia. Kazi ya Shigezo ilikuwa kupita kila ghorofa mara ya mwisho na kutia sahihi kwamba hakuna kifaa kilichosahaulika wala mtu aliyebaki ndani, ila watu wa mabomba waliokuwa wakimalizia chini. Akapita, akatoka, akatia sahihi saa mbili kamili.

“Mzee, leo umependeza,” msaidizi wake Kuwabara alimtania. Kuwabara alikuwa na miaka thelathini na sita, na kumi na miwili kati ya hiyo aliitumia nyuma ya mgongo wa Shigezo. “Umenyoa mpaka masikio.”

“Wageni wakikuona wewe wa kwanza watadhani tunajenga zizi. Kamalize kufunga mabomba.”

Kuwabara akaenda huku akicheka, na Shigezo akajipapasa mfuko wa kifuani. Mtupu.

Miwani yake! Hakuna aliyejua kuwa ana miwani isipokuwa mkewe Isoko na muuza miwani wa mji wa tatu kutoka pale, ambako aliifuata kwa treni ili asionekane. Nyapara wa wachomeleaji anayehitaji miwani kuona ufa kwenye mshono wa chuma si nyapara tena, anapewa ufagio. Isoko alikuwa akimcheka. “Ivae tu, mume wangu, unafanana na mwalimu mstaafu,” humwambia, naye hununa mpaka chakula kipoe. Sasa miwani hiyo alikuwa ameiacha juu kabisa, kwenye jukwaa la kreni, alikokuwa akiutazama mshono wa mwisho jana. Baada ya jaribio wakaguzi wangeiokota na kuuliza ni ya nani.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani anayekumbuka methali akiwa na haraka? Kwa ratiba alikuwa na nusu saa nzima. Akakigeuza kibao chake upande mwekundu kwa mkono wake mwenyewe, maana kuingia hakuna wa kukugeuzia, akapita mlango wa kwanza na wa pili, akapanda ngazi. Hakumwambia mtu. Angesema anaenda wapi, na kutafuta nini?

Yaliyotokea nje alisimuliwa baadaye. Wageni walifika mapema. Meneja, ili wasisimame kwenye upepo wa bahari, akaamuru kazi ianze papo hapo. Kuwabara alitoka na watu wa mabomba, wakawa wa mwisho. Akatazama ubao na kuona vibao vyote vyeupe, kasoro cha Shigezo. “Mzee kishakwenda kuwapokea wageni,” alijisemea, na kwa adabu yake yote akamgeuzia.

Shigezo alikuwa ameshaishika miwani mkononi taa zilipozimika.

Hakushtuka mara moja. Alidhani ni fyuzi. Akawasha tochi yake, akaanza kushuka, na akiwa ghorofa ya tatu alisikia mlango wa chuma ukijibana mahali pake. Kishindo hicho alikijua vizuri. Akakimbia ngazi zilizobaki kama kijana, akaligonga goti, akafika mlangoni akihema.

“We! We! Kuna mtu huku! Fungueni!”

Alizungusha gurudumu la mlango. Halikwenda hata unywele. Kwa ajili ya jaribio lilikazwa bolti upande wa nje, na aliyehakikisha jana kwamba bolti hizo zinakaza sawasawa alikuwa nani? Yeye. Simu ya mlangoni ilishang'olewa ili tundu la waya wake lizibwe. Nyundo zote zilishatolewa na kuhesabiwa, na hesabu hiyo pia aliitia sahihi. Akapiga chuma kwa kiatu, kisha kwa kofia yake ngumu mpaka ikapasuka. Nyuma ya chuma kulikuwa na zege la unene wa mita moja. Kisha mashine za upepo zikaanza kunguruma huko nje, na hata yeye mwenyewe hakusikia tena anachopiga.

“Mjinga wewe,” alijiambia kwa sauti. “Mjinga, mjinga, mjinga! Miwani!”

Masikio yalianza kumbana baada ya dakika kumi. Hilo alijua dawa yake, kwa kuwa Isoko ni mzamiaji, kama mama yake na bibi yake, huokota kome chini ya bahari bila chombo chochote zaidi ya pumzi yake. Ziba pua, meza mate, sukuma upepo masikioni. Akafanya hivyo, masikio yakazibuka, na baada ya muda yakabana tena. Hewa ilikuwa inapata joto. Aliposema neno, sauti yake ilitoka puani kama ya mtu mwingine.

Isoko alikuwa na binamu aliyefanya kazi bandarini, mpiga mbizi wa kofia ya shaba. Siku moja walimpandisha haraka kutoka chini alikokaa muda mrefu. Alifika juu anacheka, akavuta sigara moja, kisha akaanguka, na tangu siku ile anatembea kwa magongo mawili. Upepo unaoingia mwilini kwa presha hutaka utoke taratibu. Ukiuharakisha, unachemka kwenye damu.

Kwa hiyo hesabu ya Shigezo ilikuwa fupi. Wakimgundua mapema, presha ikiwa chini bado, atatoka kwa miguu yake. Wakimgundua wamechelewa, atatoka kama yule binamu. Na wasipomgundua kabisa, kesho jioni jaribio likiisha watafungua matundu ya kuba wautoe upepo wote, na watakachokikuta ndani, afadhali Isoko asikione.

Alikaa chini mgongo ukiegemea mlango. Akalia kidogo kwa hofu, bila aibu, maana hapakuwa na mtu wa kumwona. Kuba lile alilijenga kwa miaka mitatu. Alijua kila mshono, alijua ni wapi fundi gani alichomelea kwa mkono mzito na wapi kwa mkono mwepesi, na alikuwa akijisifu baa kwamba hata mbu hawezi kupita. Kweli, mbu hakuweza kupita.

Kitu kikamgusa bega. Aliruka, akamulika. Ulikuwa waya mwembamba unaoning'inia kutoka juu, na mwishoni mwake kipande cha chuma kama kidole.

Vipimajoto! Hewa ikipata joto presha nayo hubadilika, kwa hiyo walitundika vipimajoto ishirini na vinne, ghorofa kwa ghorofa, na nyaya zake zikapitishwa ukutani mpaka jengo la pili, mezani kwa dada mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuandika namba kila robo saa. Shigezo na Kuwabara ndio waliovitundika jana. Chuma kingine chote mle ndani kilikuwa kimya, ila hivi vidole ishirini na vinne vilikuwa vinazungumza na watu wa nje.

Alivaa miwani yake, akasoma lebo: namba kumi na saba.

Saa yake ya mkononi ilionyesha saa nne kasoro dakika kumi. Akafungua vifungo vya shati, akakibana kipimajoto kwapani kama mgonjwa wa zahanati, akakaa kimya. Ilipofika saa nne na dakika mbili akakitoa, akakipepea kipoe, akatafuta namba kumi na nane, mita sita upande wa kushoto, akakibana hicho nacho. Kipimajoto kimoja kikizidi joto watasema kibovu. Lakini joto likitembea kutoka hiki kwenda kile na kurudi, na joto lenyewe likiwa la mwili wa mtu, nani atakosa kuelewa? Wahandisi wasomi wamejaa pale! Kuwabara naye yupo. Angalau Kuwabara ataelewa.

Saa nne na robo. Akarudi kumi na saba. Saa nne na nusu. Akaenda kumi na nane. Alikuwa anatokwa jasho na miguu ilianza kuwa mizito, lakini moyo ulitulia kidogo kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Kila baada ya robo saa alinyamaza kusikiliza mashine. Sasa zitazima, alijisemea. Sasa hivi. Mashine zikaendelea kunguruma.

Saa tano. Saa tano na robo. Ukutani kulikuwa na saa ndogo ya presha, na mshale wake ulikuwa umevuka namba moja. Alifikiri: hawajaona. Yule dada amekwenda chooni. Anasinzia. Anaandika namba za uongo, mvivu yule! Kisha akajuta kumtukana mtu asiyemjua. Akamlaani mhandisi Naruse, mkuu wa jaribio, kijana wa chuo kikuu mwenye vidole vya mpiga kinanda. Akajilaani mwenyewe tena. Hakuna hata mara moja alipowaza kwamba wanajua. Kama wangejua, wangezima. Hilo lilikuwa jambo moja alilokuwa na uhakika nalo mle gizani, na ndilo lililomfanya aendelee kutembea kutoka waya hadi waya, kumi na saba, kumi na nane, kumi na saba.

Saa sita mshale ulifika karibu na namba mbili. Kichwa kilimlegea kama mtu aliyekunywa sake bila kula. Akaanza kucheka peke yake, akasahau anacheka nini, akaketi. Tochi ikafifia. Akamwambia Isoko, aliyekuwa maili nne kutoka pale, kwamba chakula cha jana kilikuwa kizuri na asikasirike. Kipimajoto kilikuwa bado kwapani, hakukumbuka tena ni namba ngapi.

Saa sita na nusu mashine zikazima.

Kimya kile kilimwamsha kuliko kelele yoyote. Akasimama, akapiga kelele kwa ile sauti yake ya puani. Kisha upepo ukaanza kuvuma mle ndani, kwanza polepole, halafu kwa nguvu, ukifyonzwa kwenye mabomba. Masikio yakazibuka pa! pa! Ukungu ukajaa kuba zima kwa ubaridi. Akaelewa, akaanza kupunga mikono mbele ya mlango kana kwamba wanamwona.

“Polepole! Jamani, polepole! Acheni haraka!”

Hawakumsikia. Walikuwa wamechelewa, na mtu aliyechelewa hukimbia. Walifungua matundu yote kwa pamoja.

Alitoka saa nane kasoro robo, kwa miguu yake. Aliona nyuso nyingi, zote zimeinama. Alimwona Kuwabara amesimama nyuma ya wote. Akataka kumwambia Naruse neno kali, akachukua hatua nne, na mguu wa kushoto ukakataa. Haukuuma kwanza. Ulikataa tu, kama punda. Maumivu yalikuja ndani ya gari la wagonjwa, kwenye nyonga, na alipiga ukelele ambao dereva aliusimulia kijijini kwa mwezi mzima.

Siku ya tatu hospitalini daktari alisema nyonga huenda ikapona, huenda isipone, lakini kupanda ngazi za kuba asahau. Isoko alikuwa amekaa pembeni mwa kitanda akimenya machenza. Miwani ilikuwa juu ya meza, kila mtu akiiona, na ajabu ni kwamba hakuna aliyeiuliza. Kuwabara aliingia bila kugonga sana, amevaa suti nyeusi ya misibani, suti pekee aliyokuwa nayo. Akapiga magoti, akaweka paji la uso sakafuni.

“Acha hayo,” Shigezo alisema. “Kibao ni adabu yangu mimi niliyowafundisha. Kosa ni langu. Na aliyeingia kinyemela ni mimi.”

“Si kibao, Mzee.”

“Nini basi?”

“Saa nne na robo,” Kuwabara alisema kwenye sakafu. “Nilijua saa nne na robo.”

Shigezo hakuelewa. Mikono ya Isoko ilisimama juu ya chenza.

“Ulijua nini?”

“Kwamba uko ndani. Kumi na saba ilipanda mpaka thelathini na tano. Mhandisi Naruse akasema kibovu, kifutwe. Robo saa baadaye kumi na saba ikashuka, kumi na nane ikapanda. Yule dada wa namba akasema, ‘Ubovu gani huu unaotembea?’ Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekutafuta kwenye chai, hukuwepo.”

“Ukafanya nini?”

“Nilimwambia Naruse. Akasema ubao unaonyesha Mzee yuko nje. Nikamwambia kibao nilikigeuza mimi. Akawa mweupe kama ukuta. Akasema jambo hili ni la meneja kuamua. Meneja alikuwa na wageni wa wizara, kwanza kikao, halafu chakula. Katibu akasema wasisumbuliwe. Tukasimama mlangoni. Naruse aliinua mkono agonge, akaushusha. Akauinua tena, akaushusha.”

“Mlisimama mlangoni kwa zaidi ya saa mbili?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Walikula nini?” Isoko aliuliza.

Kuwabara hakulitegemea swali hilo. “Samaki wa kuchoma, mama. Na supu.”

“Walimaliza?”

“Walimaliza.”

Shigezo aliuma meno. Mle gizani alikuwa amemlaani kila mtu kwa kutokujua, na kumbe walikuwa wanajua. Namba zake zilifika. Kila robo saa alipokuwa akikibana chuma kile kwapani na kusali, huko nje zilikuwa zikiandikwa kwa kalamu. Saa nne na robo mshale ulikuwa bado chini ya moja, na angetoka siku ile akatembea hadi nyumbani.

“Swichi ya kuzimia mashine,” alisema polepole, “ilikuwa wapi?”

“Ukutani. Nyuma ya kiti changu.”

“Ungenyoosha mkono ungeifikia?”

“Ningeifikia.”

“Basi wewe ni mtu au ni gogo?” Sauti ilimtoka Shigezo hadi nesi akachungulia mlangoni. “Miaka kumi na miwili nimekulea! Mwanangu wa kazi! Unaniacha nipikwe mle ndani unasubiri watu wateremshe supu? Mkono ulikuwa na nini? Uliumwa?”

Kuwabara hakuinua uso. Alijibu kwa upole, bila kujitetea, kama mtu anayetoa taarifa ya kazi.

“Mzee, kule kwenye viwanda vya meli, mwaka wangu wa pili, nilizima kreni bila kuamriwa. Nilidhani kamba inakatika. Ilikuwa nzima. Ulinizaba kofi mbele ya kikosi kizima. Ukaniambia siku nyingine mkono wangu ukienda kwenye swichi kabla ya neno la mkubwa, niukate mwenyewe nikuletee.”

Isoko aliliweka chenza mezani.

“Ulimpiga?” Isoko aliuliza.

Shigezo alijaribu kulikumbuka kofi hilo. Alitafuta kreni, akatafuta uso wa Kuwabara akiwa kijana, akatafuta kiganja chake mwenyewe. Hakuliona. Makofi yalikuwa mengi, kwa watu wengi, na kila moja siku ile lilionekana la haki.

“Sikumbuki,” alisema.

Isoko aliendelea kumtazama. Kuwabara alikuwa bado sakafuni, mabega yake yakitikisika.

“Inuka, Kuwabara,” Shigezo alisema. “Inuka, bwana wee. Mimi siwezi kuja huko chini kukuinua.”

Kuwabara aliinuka papo hapo. Akasimama wima, mikono ubavuni, machozi yakimshuka bila kuyafuta, akingoja aambiwe la kufanya.